Somo: Kuandaa dendrima za kubeba dawa ya kuvutwa hadi ndani ya mapafu

Dendrima ni molekuli inayokua kama mti: kiini katikati, na matawi yanayogawanyika kila tabaka jipya, yaani kizazi, linapoongezwa. Zile za aina ya PAMAM (poliamidoamini), ambazo Donald Tomalia na wenzake walizieleza mwaka 1985, zikijengwa juu ya kiini cha ethilinidiamini hufikisha ncha 64 katika kizazi cha nne, zikiwa na kipenyo cha nanomita 4.5 hivi.

Hatua ya 1: Chagua kizazi. Wengi hukimbilia vizazi vya juu kwa wingi wa ncha za kushikia dawa. Mimi ningeanza na cha tatu au cha nne, kwa sababu kadiri kizazi kinavyopanda ndivyo amini (vikundi vya nitrojeni vilivyo kwenye ncha) zenye chaji chanya zinavyoongezeka, na chaji hiyo ndiyo inayoharibu utando wa seli.

Hatua ya 2: Funika ncha, kisha funga dawa. Sehemu ya ncha hufunikwa kwa asetili au kwa nyuzi za poliethilini glikoli, ambazo pia huisaidia dendrima kupenya ute badala ya kunasa humo. Dawa inaweza kuhifadhiwa katika nafasi zilizo kati ya matawi, ila mara nyingi huvuja kabla ya wakati. Ninaamini zaidi kifungo kinachokatika kwenye asidi: doksorubisini, dawa ya saratani, kwa mfano, hufungwa kwa haidrazoni, aina ya kifungo ambayo hutulia kwenye pH 7.4 na kukatika ndani ya vifuko vya seli, ambako pH hushuka hadi kati ya 5 na 6. Tumia dayalisisi (kuchuja kupitia utando wenye matundu madogo mno) kuondoa dawa ambayo haikufungwa, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Hatua ya 3: Tengeneza erosoli, yaani ukungu wa matone au chembe hewani. Chembe zinazofaa kufika ndani kabisa ya mapafu zina kipenyo cha kiaerodinamiki (kipimo cha ukubwa kulingana na jinsi chembe inavyosafiri hewani) cha mikromita 1 hadi 5. Kubwa zaidi hugonga koo, na nyingi kati ya zilizo ndogo kidogo kuliko hapo hutoka tena na pumzi. Kwa hiyo dendrima haisafiri peke yake, bali hubebwa na tone la nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa ukungu), au na unga uliokaushwa kwa kunyunyiziwa pamoja na manitoli (kitu kitamu cha jamii ya sukari), ambao huyeyuka ukigusa majimaji ya mapafu. Kuchanganya ukubwa wa tone na ukubwa wa dendrima ni kosa la kawaida mno.

Hatua ya 4: Pima mgawanyo wa chembe kwa impakta ya ngazi (kifaa kinachotenganisha chembe kwa ukubwa), kisha pima sumu kwenye seli za njia ya hewa, kwa dozi zinazorudiwa.

MASWALI

Swali: Mwalimu, makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, hazitameza dendrima zote?
Jibu: Makrofaji humeza kwa wepesi chembe za mikromita chache, hivyo unga unaoyeyuka haraka hupunguza hatari hiyo. Lakini ikiwa adui ni bakteria wa kifua kikuu, ambao huishi ndani ya makrofaji, kumezwa ndiko tunakokutaka, na ncha hubandikwa manosi (aina ya sukari) ili seli hizo ziitambue dendrima.

Swali: Je, dawa itabaki mapafuni au itaingia kwenye damu?
Jibu: Inategemea ukubwa. Dendrima ndogo huvuka kwa urahisi zaidi hadi kwenye damu. Zilizorefushwa kwa nyuzi ndefu za poliethilini glikoli hukawia mapafuni. Amua kwanza ugonjwa uko wapi, ndipo urudi hatua ya 1.