Draivi ya DVD ya kompyuta ya nyumbani: angalia umeme kabla ya bei

Kompyuta mpya nyingi siku hizi haziji na draivi, ila video za harusi na kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa familia kabla ya ndoa) zetu bado zimelala kwenye DVD. Jirani yangu hapa Kampala alitaka kununua, nikamwelekeza hivi.

1. Fungua kasha, tazama waya wa data unaounganisha draivi na ubao mkuu. Mwembamba wa pini 7 ni SATA. Utepe mpana wa pini 40 ni IDE, mfumo wa zamani. Ukikuta IDE usihangaike, nunua draivi ya nje ya USB.

2. Kompyuta ya mezani yenye kasha kubwa, weka ya ndani ya SATA. Mimi sibishani juu ya hilo: inapata umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya kasha. Vile vikompyuta vidogo vya mtumba hutumia draivi nyembamba ya laptopu, kwa hiyo pima unene: 12.7 mm au 9.5 mm.

3. Ukichagua ya nje, shida ni umeme. Poti ya USB 2.0 imepangiwa milliampea 500, USB 3.0 ni 900, na draivi inapoanza kuzungusha diski huweza kutaka zaidi. Dalili zake: taa inawaka, diski inazunguka kidogo, inakata, tik, inaanza tena; kwenye Windows draivi inaonekana kisha inatoweka. Fundi atakwambia lenzi imekufa. Usilipe bado. Chomeka poti ya nyuma, si ya mbele. Ondoa waya wa kurefusha, na ondoa habu (kigawanyo cha poti za USB) isiyo na umeme wake. Kama draivi ina waya wa vichwa viwili, chomeka vyote viwili. Hicho cha pili si pambo. Ikigoma, ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuirudisha dukani. Na kumbuka, diski yenye mikwaruzo nayo husumbua vilevile, basi jaribu zaidi ya moja.

4. Dukani beba CD na DVD zako, hasa ile iliyochomwa na mpiga video. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa 650. Moja huchoka nyingine ikiwa nzima. Muuzaji akikupigia CD ya muziki tu, hajakuonyesha kitu.

5. Weka VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, maana Windows 10 na 11 haziji na programu ya kuchezesha DVD.

6. Filamu za dukani zina namba ya eneo: Uganda ni 5, Uingereza ni 2. Draivi hukubali kubadilishwa eneo mara 5 tu, kisha inabaki kwenye eneo la mwisho. DVD ya harusi haina habari na hayo.

Draivi ya Blu-ray, ile ya diski za filamu zenye picha kali kuliko DVD, iache, labda uwe na diski zake tayari.