Kabla ya kutuma ombi la kuwa daktari-mtafiti ng'ambo, ukiwa Bukavu

Usianze kwa kuuliza chuo gani ni kizuri. Jiulize kwanza umefika wapi katika masomo, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia ipi iko wazi kwako. Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu vya Bukavu, UCB, UOB na UEA, ninaozungumza nao huwa wamekwisha kuvutiwa na njia moja tu, ile ya Marekani iitwayo MD-PhD, ya kusomea udaktari na uzamivu kwa pamoja, na hiyo ndiyo karibu imefungwa kwao.

Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Anayeingia MD-PhD husoma udaktari miaka miwili hivi, anatoka kwenda maabara kufanya uzamivu kwa miaka mitatu mpaka mitano, kisha anarudi wodini kumalizia udaktari. Kwa kawaida yote huchukua miaka 7 mpaka 9. Ada inalipiwa na posho ya kuishi inatolewa, na hapo ndipo macho yanapong'aa. Lakini tazama posho inatoka wapi. Tangu 1964 serikali ya Marekani, kupitia taasisi zake za afya za NIH, imekuwa ikitoa fedha za kuwafundisha watu hawa, na fedha hizo haziruhusiwi kumlipia asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Chuo kikimtaka Mkongomani, kimlipie kutoka mfuko wake chenyewe. Ndiyo maana vingi havipokei wageni kabisa, na vichache vinavyowapokea hufurika maombi.

Halafu kuna suala la pointi zako. AMCAS, mfumo ambao karibu vyuo vyote vya udaktari vya huko huutumia kupokea maombi, hauhakiki releve, yaani karatasi ya pointi, ya chuo cha nje. Kwa hiyo vyuo vingi hudai uwe umesoma Marekani au Kanada, vingine shahada nzima. Na aliyekwisha kupata shahada ya udaktari, programu nyingi hazimpokei tena.

Kwa mdogo wangu aliyetoka kupata Diplôme d'État, diploma ya kumaliza sekondari, na moyo wake uko kwenye maabara za Boston, njia ni kutafuta kwanza shahada ya kwanza yenye ufadhili huko, ndipo afikirie MD-PhD. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, ina orodha inayoonyesha kila chuo na msimamo wake juu ya wageni. Aisome kabla ya kulipa chochote. Mtihani wa MCAT wa kuingilia vyuo vya udaktari, wenye alama kuanzia 472 mpaka 528, unazidi dola 300. Kutuma ombi chuo cha kwanza kupitia AMCAS ni kama dola 175, kisha kila chuo cha ziada kina malipo yake. Punguzo la AAMC kwa wasio na uwezo halitolewi kwa mwanafunzi anayeomba akiwa nje bila hadhi yoyote ya ukaazi Marekani. Kwa aliye tayari katikati ya udaktari hapa Bukavu, pesa hizo azitumie kwa jambo lingine.

Jambo hilo lingine si la daraja la pili, ingawa vijana huliona hivyo. Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alimaliza udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, akaenda Leuven, Ubelgiji, kufanya uzamivu wa virusi, akarudi. Mwaka 1976 alikuwa Yambuku akichukua damu ya wagonjwa wa Ebola. Dawa ya Ebola iitwayo Ebanga, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2020, inatokana na kingamwili za mgonjwa aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa 1995, na Muyembe ni mmoja wa walioifanyia kazi. Dokta Mukwege alipata uzamivu wake Université Libre de Bruxelles mwaka 2015, hospitali yake ya Panzi ikiwa na miaka 16 tangu ianzishwe. Kumaliza udaktari nyumbani, kukaa na wagonjwa, kisha kuomba uzamivu ukiwa na swali lililotoka wodini: hiyo ndiyo njia ya Mkongomani, na ina uzito. Ubelgiji ina desturi ya uzamivu wa zamu, miezi kadhaa kule na miezi kadhaa hapa, chini ya wasimamizi wawili. Mashirika ya Ubelgiji, ARES kwa upande wa wanaosema Kifaransa na VLIR-UOS kwa upande wa Waflemi, hufadhili masomo na miradi ya pamoja na vyuo vyetu, na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerpen imewafundisha madaktari wengi wa Kongo.

Anayetaka Marekani baada ya udaktari anaweza pia kuingia kupitia mafunzo ya ubingwa, maana baadhi ya hospitali za vyuo zina mkondo wa daktari-mtafiti ndani yake. Huko utahitaji cheti cha ECFMG, chombo cha Marekani kinachothibitisha madaktari waliosomea nje: mitihani ya leseni ya udaktari ya USMLE, mtihani wa Kiingereza cha kitabibu wa OET, na chuo chako kiwe kimeandikwa katika Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari kikiwa na maelezo kwamba ECFMG inakikubali kwa mwaka uliohitimu. Angalia hilo leo, si baada ya kununua vitabu. Ukienda kwa viza ya J-1 ya mafunzo ya kitabibu, wizara yetu ya afya Kinshasa lazima iandike barua kuwa nchi inahitaji ubingwa huo, na baada ya mafunzo unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili. Wapo wanaolia juu ya sharti hilo. Mimi naona ni la haki.

Sasa utafiti wenyewe, ambao ndio utakaokubeba au kukuangusha. Kazi nyingi za mwisho wa masomo hapa kwetu ni za kufungua rejista za hospitali na kuhesabu wagonjwa. Hakuna aibu. Aibu ni kushindwa kueleza rejista hiyo ina mashimo gani: nani hakuandikwa, nani alifia nyumbani kabla ya kufika, nani aliandikwa malaria bila kupimwa. Msomaji wa ombi lako anataka kuona kwamba ulikuwa na swali, ulifanya nini kwa mkono wako mwenyewe, nini kilikataa, na ulibadilisha nini baada ya hapo. Katika ombi la MD-PhD kuna insha nzima ya utafiti, mpaka herufi 10,000, pamoja na nyingine fupi ya kwa nini unataka vyote viwili. Hata kama huombi huko, jaribu kuiandika. Ukikwama kwenye ukurasa wa kwanza, bado hujawa tayari, na ni afadhali ujue sasa.

Na usidhani maswali makubwa yako mbali. Aina ya virusi vya mpox iitwayo Ib ilitambuliwa kwetu Kamituga, mji wa wachimba dhahabu, kutokana na mlipuko ulioanza 2023. Agosti 2024 WHO ikatangaza dharura ya dunia. Lwiro, mwendo mfupi kutoka mjini, kumekuwa na kituo cha utafiti tangu zama za Wabelgiji. Kipindupindu kwenye ziwa, utapiamlo, fistula: wenzetu wa ng'ambo huomba fedha kuja kuvisoma. Wewe umeamka navyo. Ila hakikisha una barua ya kamati ya maadili kwa kila data uliyogusa. Pasipo hiyo, kazi nzuri haitachapishwa.

Barua za walimu zina shida ya pekee. Kwetu profesa huandika mistari mitano: nathibitisha kuwa fulani alikuwa mwanafunzi wangu, mwenye nidhamu, kisha mhuri. Kule barua kama hiyo husomwa kama kukataliwa kwa adabu. Mpelekee mwalimu ukurasa mmoja wa kumkumbusha mlichofanya pamoja, kosa gani uliligundua, usiku gani mlibaki maabara. Mwombe kwa heshima na mapema, na umwambie kwamba kiungo cha kupakia barua kitamjia kwa anwani yake ya chuo. Asistanti aliyekuona kila siku huandika vizuri kuliko mkuu wa kitivo anayelijua jina lako tu.

Kuhusu pointi: 72 kwa mia kwetu ni Distinction, na hupatikana kwa jasho. Mmarekani akiiona anadhani ulikuwa unalegalega. Omba aparitora, msajili wa chuo, akuandikie barua ya kueleza viwango vyetu na, ikiwezekana, nafasi yako darasani. Releve itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Kiingereza nacho kipewe mwaka mzima wa kusoma makala za kitabibu, si miezi miwili ya mazoezi ya TOEFL.

Yaliyobaki ni ya mji wetu. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, safari ya Kinshasa si tena ile ya kupanda ndege Kavumu asubuhi, na benki zilizofungwa zimefanya hata kulipia mtihani kwa kadi kuwe kazi. Paspoti na kuhalalisha diploma uvianze mwaka mzima kabla, na upige hesabu ya nauli na malazi ya kufika kwenye mahojiano ya viza. Kwa viza ya F-1 ya mwanafunzi kuna pia dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, mbali na ada ya viza yenyewe. Nakala za kila karatasi ziwe mahali pawili mtandaoni na kwa ndugu aliye nje ya Kivu. Siku ya mwisho ya kutuma ijiwekee wiki mbili kabla ya ile iliyotangazwa, maana umeme wa SNEL haujui tarehe ya ombi lako.