Namna ya kupanga cherehani yako ili kiuno na shingo vipumzike

Fundi akilalamika kiuno, ushauri anaopewa ni wa aina mbili: kaa wima, au punguza kazi. Huo wa pili hauwezekani mwezi wa Januari, sare za shule zikiwa zimerundikana hadi mlangoni. Huo wa kwanza haufai kitu, kwa sababu hakuna fundi anayeinama kwa kupenda. Anainama kwa kuwa jicho linaitafuta sindano na mguu unaitafuta pedali, mgongo ukabaki katikati kusuluhisha. Mwambie akae wima bila kubadili vitu hivyo viwili, atakaa dakika chache, kisha mshono utamvuta pale pale.

Kwa hiyo hapa tutahamisha vitu, mgongo tutauacha ujipange wenyewe. Ndiyo ergonomia hiyo: kazi ikatwe kwa kipimo cha mtu, kama unavyokata suruali ya mteja. Andaa futi yako, chaki, vipande vya mbao, misumari michache, ndala zilizochakaa na mtu mwenye simu ya kupiga picha.

Hatua ya 1: Pigwa picha ukiwa umezama kazini

Mwombe mwenzako akupige picha kutoka ubavuni wakati unashona, bila kukuambia ni saa ngapi. Ukijua unapigwa picha utakaa vizuri na picha itadanganya.

Tazama mambo matatu. Sikio lako liko juu ya bega, au limelitangulia? Kiwiko kiko karibu na mbavu, au kimepanuka kama bawa? Goti liko chini ya nyonga, au limepanda juu yake? Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikining'inia mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia kuanzia asubuhi hadi unafunga fremu. Yale maumivu ya jioni kati ya shingo na mabega yanatoka hapo.

Hatua ya 2: Kiti kwanza, mashine baadaye

Watu huanza na mashine kwa sababu ndiyo ya gharama. Anza na kiti.

Vaa viatu unavyofanyia kazi, weka nyayo zote mbili juu ya pedali, kisha pima kutoka nyuma ya goti hadi pedali. Usipime nyayo zikiwa sakafuni. Cherehani ya kukanyaga ina pedali iliyoinuka kutoka ardhini, na ukipima nyayo zikiwa sakafuni utapata kiti kifupi mno, magoti yatapanda na kiuno kitapinda kwa nyuma. Ukishapata kipimo hicho, kijumlishe na urefu wa pedali kutoka sakafuni ikiwa imelala sawa, halafu ongeza sentimita 2 au 3. Hapo paja litateremka kidogo kuelekea goti, na mgongo utasimama bila kulazimishwa.

Sasa tazama kiti chenyewe. Kile cha plastiki, ambacho ndicho kiko kwenye fremu nyingi, kimetengenezwa kwa mtu anayepumzika barazani: sehemu ya kukalia inaelemea nyuma. Ukikikalia kushona, kiti kinakuvuta nyuma na sindano inakuita mbele. Tengeneza mto wa kabari: chukua mabaki ya vitambaa, yashindilie kwenye mfuko wa turubai, upande wa nyuma unene kuliko wa mbele, kisha ushone. Uwe mgumu. Sponji laini la godoro linazama mchana hujafika, ukabaki umekalia plastiki ile ile.

Ukiwa na uwezo, nenda kwa seremala akuchongee stuli kwa kipimo chako, yenye egemeo fupi la kushika kiuno tu. Egemeo refu fundi cherehani halitumii, kwa kuwa mabega yake hayafiki huko.

Hatua ya 3: Kimo cha meza

Kaa kwenye kiti ulichokirekebisha, legeza mabega, kunja viwiko. Kitambaa chini ya sindano kinatakiwa kiwe usawa wa kiwiko au juu yake kwa sentimita 5 hivi. Kushona ni kazi ya macho, na kazi ya macho inapaswa ikufuate juu badala ya wewe kuifuata chini.

Hapa ndipo mwenye cherehani ya kukanyaga na mwenye mota wanapoachana. Kwenye ya kukanyaga, meza na pedali vimefungwa kwenye stendi moja. Ukiinua stendi kwa matofali, pedali nayo inapanda, na umbali kati ya mguu na mkono unabaki ule ule. Nimeona watu wakipandisha stendi nzima namna hiyo kisha wanashangaa hakuna nafuu. Fundi mfupi ana njia: pandisha kiti hadi kiwiko kifike mahali pake, halafu funga ubao mwembamba juu ya pedali ili mguu ufike. Kagua kwamba ubao haugongi fimbo wala gurudumu kubwa. Fundi mrefu anabanwa zaidi, na kwake pesa ya mota ni matumizi mazuri kuliko dawa za kuchua, maana pedali ya mota ni huru: unainua meza peke yake na mguu unabaki sakafuni.

Kila mmoja anaweza kufanya hili moja: weka vipande vya mbao vya sentimita 2 chini ya miguu ya nyuma ya stendi, meza ielemee kwako kidogo. Sindano na mguu wa kukandamiza vitaonekana vizuri bila shingo kuchungulia. Chonga kishimo kwenye kila kipande ili mguu wa stendi usiteleze, kisha jaribu kwa mwendo wa kasi. Mashine ikiyumba, punguza.

Hatua ya 4: Pedali isikukimbie

Hii ni ya wenye mota. Pedali nyepesi huteleza kila unapoikanyaga, na mguu unaifuata bila wewe kujua. Hadi jioni umekaa upande, nyonga moja mbele ya nyingine. Kata ndala ya zamani, gundisha vipande chini ya pedali, kisha pigilia kijiti sakafuni mbele yake ikiwa sakafu ni ya mbao. Pedali iwe usawa wa sindano moja kwa moja, na karibu vya kutosha kwamba kisigino kinatulia chini.

Hatua ya 5: Mwanga, na macho yenyewe

Shona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi saa kumi na moja jioni, halafu mtu akuangalie: pua yako itakuwa karibu na mguu wa mashine. Shingo inalipa deni la macho. Taa ya dari haitoshi, kwa sababu kichwa chako chenyewe kinatia kivuli penye sindano. Tafuta taa ndogo ya LED ya kubana, uielekeze penye sindano kutoka kushoto, isikupige machoni. Baadhi ya mashine zina sehemu ya balbu ambayo imekaa tupu miaka. Tia balbu.

Halafu jipime unapotunga uzi. Ukijikuta unasogeza sindano mbali na uso ili uione tundu, macho ya karibu yamepungua. Kwa watu wengi hali hii huanza wakiwa kwenye miaka ya arobaini, na haihusiani na uvivu wala kurogwa. Kapimwe upate miwani ya kazi. Hapa sitanii: kuna mafundi ambao kiti na meza havitawasaidia hadi wavae miwani.

Hatua ya 6: Kukata na kupiga pasi

Kukatia nguo sakafuni kuache. Meza ya kukatia iwe chini ya kiwiko chako kwa sentimita 10 hadi 15 ukiwa umesimama. Fremu ikiwa ndogo, funga ubao ukutani kwa bawaba, unaushusha ukitaka kukata na kuupandisha ukimaliza. Zunguka meza, usijinyooshe juu yake kufikia upande wa pili.

Mkasi unastahili kuangaliwa. Ule wenye mpini uliopinda unaacha ubapa wa chini utambae juu ya meza, na kifundo cha mkono kinabaki kimenyooka. Wenye mpini ulionyooka unakulazimisha uinue kitambaa na kupinda mkono. Vyovyote uwavyo, unoe, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu, na uhakikishe unafunguka bila kidole gumba kusukuma. Mkasi butu ndio unaoleta yale maumivu ya shina la gumba.

Pasi ya mkaa ni nzito, basi meza yake iwe chini kuliko ya kukatia, na pa kuiweka pawe usawa wa meza ili uisogeze badala ya kuinyanyua.

Hatua ya 7: Pumzika kwa bobini

Anayelipwa kwa kipande hawezi kuambiwa asimame kila nusu saa; atacheka. Fanya hivi: bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, ikiisha, simama. Weka nyuzi na bobini za akiba kwenye rafu ambayo huifikii ukiwa umekaa, na pasi iwe upande wa pili wa chumba. Kazi itakuinua yenyewe.

Kwenye sare nyingi, usikate zote siku moja, ukapiga kola zote siku ya pili. Kata kumi, shona kumi, piga pasi kumi. Utapoteza muda kidogo kwa kubadilisha uzi, lakini mkono hautarudia mwendo mmoja kutwa nzima.

Hatua ya 8: Jua lini mambo yamevuka kiti

Uchovu unaoisha ukilala ni wa kawaida. Ganzi au kuchomachoma kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Mwone daktari mapema, kabla hujaanza kuangusha mkasi. Maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi chini ya goti nayo yapelekwe hospitali. Na ikitokea mguu umelegea, au ganzi imeingia katikati ya mapaja, au mkojo hauzuiliki, nenda siku hiyo hiyo, usiende kwa mchuaji.

Hatua ya 9: Kama una mafundi chini yako

Mwanagenzi ndiye hupewa ndoo ya kukalia na mashine iliyo kwenye giza. Halafu tunasema vijana hawana uvumilivu. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri arekebishe sehemu ya kazi na vifaa vimfae mfanyakazi, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003 inayombebesha mwajiri jukumu la afya ya watu wake kazini.

Mashine moja ikitumiwa na watu wawili kwa zamu, mmoja mrefu na mwingine mfupi, usiwatafutie kimo cha katikati; wote wataumia. Kila mmoja awe na mto wake na ubao wake wa pedali, vyenye jina kwa chaki, na akabidhiwe pamoja na mkasi anapoingia zamu.