Kimeng'enya kikikosa diko: kuchagua kihariri cha jeni ya siko seli

Dau la Pemba halishushi samaki popote. Lina diko lake. Cas9 ya kawaida, kimeng'enya kinachotafuta mahali maalumu kwenye DNA, nayo hushuka penye NGG tu, ndilo diko lake (N ni herufi yoyote), kwa sababu asidi amino zake mbili za arginini, ya 1333 na ya 1335, ndizo zinazozishika hizo G mbili.

Sasa fanya zoezi la siko seli, maradhi yasiyo mageni visiwani. Kompyuta yoyote inatosha. Andika uzi wa pili (unaokabiliana na ule unaosomwa kodoni) wa HBB, jeni ya beta-globini ya hemoglobini, yenye kasoro:

GGCAGACTTCTCCACAGGAGTCAGATGCACCAT

Unayoitaka ni A ya katikati ya CAC ya kwanza. Kihariri cha adenini (Cas9 iliyoungwa na kimeng'enya kinachogeuza A kuwa G) kikiigeuza G, kwenye uzi wa kwanza kodoni GTG inakuwa GCG: valini inatoka, inaingia alanini. Hiyo ni hemoglobini ya Makassar, isiyopinda seli. Usitarajie kuipata GAG, kodoni ya asili ya jeni nzima. Kihariri hiki hakiwezi.

Hesabu herufi 20 kabla ya diko, ukianzia ncha iliyo mbali nalo. A yako iangukie baina ya 4 na 8. Ukitumia AGG kama diko inaangukia 19, basi hapo hapana kazi. Ukitumia CACC inaangukia 7, na RNA elekezi, inayoiongoza Cas9 hadi mahali pake, inafuata TTCTCCACAGGAGTCAGATG.

Tatizo ni kuwa CACC si NGG. Cas9-NG, kibadala cha Cas9, haifai, inataka G nafasi ya pili. SpRY, kibadala kingine, hushuka karibu popote, na ndiyo inayowavutia wengi, lakini hupoteza muda kwenye madiko yasiyo yake na huweza kuhariri hata plasmidi (duara dogo la DNA) inayobeba RNA elekezi yenyewe. Chukua Cas9 inayoshuka penye NRCH (R ni A au G, H ni A, C au T), iliyopatikana kwa kuchuja vibadala vya Cas9 ndani ya virusi vya bakteria, uiunge na kihariri cha adenini kiitwacho ABE8e.

A ya nafasi ya 9, ingawa iko nje kidogo ya 4 hadi 8, nayo huweza kuguswa. Si neno: CCT inakuwa CCC, zote prolini.

Wakati wa kupima, kuza kipande cha herufi kama 300 kwa PCR, njia ya kunakili DNA kwa mizunguko ya joto. Hapa ndipo wengi wanapokwama: HBD, jeni jirani ya delta-globini, inafanana mno na HBB. Ncha ya 3' ya kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) ikae penye herufi zinazotofautiana, la sivyo utasoma jeni mbili kwa pamoja na asilimia yako ya DNA iliyohaririwa itakuwa uongo. Pima pia seli zisizohaririwa. Umeme ukikatika katikati ya mizunguko, mwaga, anza upya.