Muulize mkiwa wawili

Familia nyingi za Mbeya na Iringa hunyamaza ndugu yao anapoonekana kuwaza kujiua, kwa kuogopa aibu ya ukoo, na pia sheria: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kuwaza na kusema si kosa. Usimwitie kikao cha ukoo, huko atakana tu. Mkiwa wawili, mkiota moto jikoni, uliza waziwazi: "Unawaza kujiua?" Swali halimpandikizii wazo. Akikubali, msikilize, usimhubirie, wala usiahidi kutunza siri. Uliza kama ameshapanga. Ikiwa ndiyo, asibaki peke yake hata usiku, dawa zenye sumu za viazi na mahindi (nyingi hukaa uvunguni!) zihamie kwa jirani siku hiyohiyo, kisha mpelekeni hospitali.