Kuku wawili wanaodonoa: sanamu ya giya za mbao, hatua kwa hatua

Sanamu inayojongea ikirudia jambo lile lile kila mzunguko, mtu huitazama kidogo, akacheka, akaenda zake. Lakini kila mzunguko ukileta jambo tofauti, atakaa pale akihisi kwamba vinyago vina akili zao. Akili hiyo hatuitafuti kwenye umeme; tunaipata kwenye hesabu ya meno ya giya.

Tutatengeneza kuku wawili waliopeana mgongo kama majirani waliogombea mpaka, kila mmoja akidonoa punje za upande wake, wote wakiendeshwa na mkono mmoja wa kuzungusha.

Andaa plaiwudi ya milimita 9, bao la nyuma lenye upana wa sentimita 45, fimbo ya chuma yenye nyuzi ya M6 (yaani unene wa milimita 6), bolti moja ya M6, nati na washa, spoki mbili za baiskeli, gundi ya mbao, msasa na kipande cha mshumaa.

1. Chagua meno

Giya ya kushoto iwe na meno 24, ya kulia 25. Usishawishike kuzilinganisha. Zikiwa 24 kwa 24, kuku watainama pamoja tangu asubuhi hadi jioni. Kwa 24 na 25, kila ukizungusha mara moja, kuku wa kulia anachelewa kwa nyuzi 14.4. Ukifika mzunguko wa 12 au 13, mmoja anainuka mwenzake akiinama. Mzunguko wa 25, wanakutana tena.

Mafundi wa magari wanaijua hesabu hii kwa sababu nyingine: difu yenye meno 41 kwa 10 imepangwa hivyo ili jino moja lisikutane na lile lile kila mara, zote zilike sawasawa.

Anayetaka kuona hesabu ya meno ikipelekwa mbali kabisa amtazame Mmarekani Arthur Ganson. Katika sanamu yake moja, mota huzunguka kama mara 200 kwa dakika na kuendesha jozi 12 za giya za skrubu, kila jozi ikipunguza mwendo mara 50. Giya ya mwisho imezikwa ndani ya zege, na bado mota inazunguka bila taabu: ili giya hiyo imalize mzunguko mmoja ingehitaji zaidi ya miaka trilioni 2.

2. Chora na ukate

Tumia moduli 4, yaani kipenyo cha duara ambapo giya zinakutana ni 4 mara idadi ya meno: milimita 96 na 100. Kipenyo cha nje ni 104 na 108. Programu ya bure ya Inkscape inachora giya yenyewe. Chapisha bila kupunguza ukubwa, kisha pima kwa rula kabla ya kubandika karatasi kwenye plaiwudi, maana printa hupenda kubana ukurasa. Kata kwa jigsoo yenye wembe mwembamba, ukiacha mstari uonekane, umalizie kwa msasa.

3. Toboa bao

Kwa hesabu, vituo vya giya vinaachana milimita 98. Toboa kwa 98.5. Mbao hufura msimu wa mvua, na giya zilizobanana zitagoma.

Giya ya 24 ibanwe kwenye fimbo ya nyuzi kwa nati mbili kila upande, zikazwe zibanane zenyewe kwa zenyewe, la sivyo zitalegea ukizungusha kinyume. Fimbo ipite nyuma ya bao, na mkono wa kuzungusha ukae huko. Giya ya 25 izunguke huru kwenye bolti yake.

4. Kuku

Mkia uwe juu ya kituo cha giya. Msumari anaobembea juu yake uwe milimita 60 kutoka mkiani kuelekea nje, na milimita 120 juu ya mstari wa vituo. Mdomo uwe milimita 80 mbele ya msumari. Piga pini kwenye giya, milimita 15 kutoka katikati, kisha iunganishe na mkia kwa spoki iliyokunjwa ndoano ncha zote mbili. Mdomo utashuka na kupanda kama sentimita 4.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwenye mizani. Kabla ya kufunga spoki, mwachie kuku abembee peke yake. Kichwa kikizama, kila mara pini inapopita juu uzito utahama upande mmoja wa jino kwenda mwingine, na utasikia "ta!" kwenye giya. Gundisha washa nyuma ya mkia, moja moja, mpaka abaki alipoachwa.

5. Jaribu

Weka alama ya kalamu kwenye jino moja la giya ya 24 na kwenye pengo la giya ya 25 linalolipokea. Zungusha ukihesabu, alama zikutane kwenye 25. Panapokwama, tazama jino lililong'aa, ulipunguze kwa msasa kidogo kidogo. Grisi usiguse: inashika vumbi na kulainisha mbao. Sugua mshumaa kwenye meno.