Namna ya kumlipia mtu deni dukani bila kujulikana

Huku kwetu Temeke duka la Mangi, ndivyo tunavyomwita muuza duka yeyote, halikosi daftari. Ni kauntabuku iliyochakaa pembe: majina, halafu sembe, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya kipande. Ukitaka kutoa bila kungoja kitu, anzia hapo. Waturuki wana desturi hii tangu zama za Dola ya Uthmaniya. Ramadhani ikiingia, mwenye nacho aliingia duka la mtaa asikojulikana, akaomba daftari la madeni, wenyewe waliita zimem defteri, akalipia kurasa kadhaa akaenda zake.

Kwanza kiasi. Chukua pesa ambayo ikikudondoka njiani utanuna mpaka jioni, kesho umeisahau. Ada ya mtoto usiiguse, wala usikope ili utoe. Ukijikamua, utaanza kumhesabia mtu kabla hujafika nyumbani.

Duka lako la kila siku liache. Vuka mtaa wa pili au wa tatu, saa nane mchana hivi, wateja wakiwa wachache. Nenda na noti mkononi, maana ukilipa kwa simu jina lako linatokea kwenye ujumbe.

Mwambie Mangi afunike majina kwa kiganja, akusomee bidhaa tu. Mimi huchagua penye unga na maziwa ya mtoto. Penye sigara napita (ndiyo, nina ubaguzi wangu). Maliza deni dogo moja badala ya kupunguza makubwa matatu, kwa sababu aliyepunguziwa bado atazunguka njia ya nyuma kumkwepa Mangi.

Usiondoke mpaka apige mstari mbele yako. Simwiti mtu mwizi, ila deni lisilokatwa huweza kulipwa mara mbili. Mwenyewe akija, aambiwe "limelipwa", basi. Asiongezee "na mama mmoja mnene wa baibui jeusi".

Kazi ngumu inaanza ukishatoka dukani. Kwenye Qur'ani, Al-Baqara aya ya 264 inakataza kuharibu sadaka kwa masimbulizi, yaani masimango, na maudhi, na wengi tunadhani masimbulizi ni kumsema mtu usoni tu. Kumbe hata kumdokeza shoga yako, "juzi kuna mtu nimemfutia deni", bila jina, tayari unadai sifa. Kuweka status ya WhatsApp ndiyo kabisa. Na usirudi kwa Mangi kuuliza, "Alisemaje?" Nami swali hilo huniwasha. Al-Insan aya ya 9 inawataja wanaolisha watu wakisema hawataki malipo wala shukrani. Malipo wengi wetu tunaweza kuyasamehe. Kwenye shukrani ndiko tunakokwama.

Na akikopa tena wiki ijayo? Atakopa, unga huisha. Wewe ukijaliwa mwezi ujao, nenda duka jingine.